Radhi za Bi Jokha

Bi Jokha hakuwa na ugomvi na mazimwi. Kila Jumamosi baada ya alasiri, wanawe wawili, Munir na Reem, watu wazima wenye kazi zao, walitandaza ramani ya karatasi kwenye mkeka wa ghorofani, nyumbani kwao Malindi, mjini Unguja, wakapigana na mazimwi ya kubuni mpaka magharibi. Munir ndiye aliyesimulia mchezo. Reem alikuwa shujaa mtakatifu mwenye upanga unaowaka. Mama yao alikaa dirishani akishona kofia, ambayo Munir aliamini ni yake ya Idi.

Siku alipomsikia Munir akisema kwamba nguvu za shujaa zinatoka kwa mungu wa alfajiri, sindano ilisimama.

"Mungu gani huyo?"

"Wa mchezoni, mama."

"Humu ndani yuko mmoja tu. Mtafutieni shujaa wenu pengine pa kupata nguvu."

Munir akajaribu kiapo. Shujaa anaapa kuwalinda wanyonge, alieleza, na uzito wa kiapo chenyewe ndio unaomtia nguvu. Bi Jokha akauliza anaapa kwa nani. Kiapo nacho kikafia hapo, na tangu siku hiyo shujaa wa Reem akawa anatembea na upanga baridi, hata panya wanamshinda.

Reem hakujali sana, maana alikuwa na lake moyoni. Simai, rafiki wa Munir, zamani akija kucheza nao. Tangu wazee wake walipotoka Chwaka, kisiwani humo humo, kuleta posa, hakukanyaga tena ngazi zile, kwa adabu. Munir, walii wa dada yake tangu baba yao afariki, alikuwa tayari kuozesha hata kesho. Bi Jokha alisema tu, "Chwaka mbali," utadhani kunakwendwa kwa pasipoti, akarudi kwenye kofia yake. Hakukataa, wala hakuridhia. Reem angeweza kuolewa bila neno lake, lakini kuingia nyumba ya mume bila radhi za mama hakuthubutu, na kulizungumza tena aliona haya.

Jumamosi moja Munir akaja na jipya. "Nimepata. Nguvu za shujaa zinatoka kwenye radhi za mama yake. Hana radhi, hana nguvu."

Bi Jokha aliitikia kwa kichwa. "Hilo lina akili."

"Basi shujaa amerudi kwao kuziomba. Tunataka mtu wa kuwa mama yake. Mama, tusaidie."

Reem alimtazama kaka yake, akaona anakopelekwa. Alitamani kuinuka akimbie. Lakini mama yake alishaondoka dirishani na kofia yake mkononi, akakaa mkekani.

"Nseme nini?"

"Lolote. Ni mchezo tu."

Reem akapiga magoti mbele yake. "Mama," alisema. "Nnataka kwenda. Nakuomba radhi zako."

"Unakwenda mbali?"

"Si mbali. Ntakuja kila Ijumaa. Na wewe utakuja kwangu."

Hapo mazimwi yalikuwa yamesahauliwa, na wote watatu walijua. Bi Jokha alichomeka sindano kwenye kofia, akaiweka mapajani.

"Baba yenu alipofariki ulihamia chumbani kwangu, ili nisiamke peke yangu. Hukuambiwa na mtu. Nami nikazoea, nikadhani ndiyo haki yangu."

Munir alisogeza kopo la vikaratasi vya namba vya kuamulia mchezo, kwani dadu mama yao alishazipiga marufuku kitambo. "Vuta namba, mama, tujue kama umezitoa."

"Ondoa kopo lako." Aliweka kiganja juu ya kichwa cha Reem. "Nshakuridhia, mwanangu. Radhi zangu zote, duniani na akhera."

Reem alimlalia mapajani akalia, na mama yake akawa anampapasa mgongo taratibu. Munir, aliyeyapanga yote hayo mwenyewe, hakuweza kunyamaza.

"Mama, hizo ni za shujaa au za Reem?"

"Radhi hazitolewi kwa mchezo, Munir." Aliivuta kofia polepole kutoka chini ya shavu la binti yake, akaigeuza, akaukagua upande wa ndani. "Mwambie Simai apande ngazi, nimpime kichwa. Hii nimeishona kwa kukisia."