Neno la Tacy Yarnall

Soksi ilikuwa imegandana na nyama ya mguu. Tacy Yarnall alikuwa amepiga magoti jikoni kwake, beseni la maji ya uvuguvugu mbele yake, akiibandua taratibu, na kila ilipobanduka kidogo maji yalizidi wekundu. Hester hakulia. Alikuwa ameuma pindo la shuka, macho dirishani. Mtoto wake, Pleasant, msichana wa miaka mitatu, alikuwa chini ya meza akila mkate kimya kimya, kama alivyofundishwa kufanya kila kitu.

"Pole," Tacy alisema. "Pamebaki hapa kidoleni tu."

"Si kitu, bibi."

"Usiniite bibi. Niite Tacy."

"Ndiyo, bibi."

Charity Dutton alicheka pale mlangoni, mwiko mrefu mkononi. Huyu alikuwa mama mweusi, mtu huru, aliyefua nguo za nusu ya bonde lile la Pennsylvania. Ndiye aliyemleta Hester na mwanawe alfajiri, ndani ya gari lake la kukokotwa na nyumbu, chini ya mashuka machafu ya watu.

"Mwache akuite atakavyo," alisema. "Ulimi wake umechapwa toka utotoni. Wadhani utanyooka kwa asubuhi moja?"

Akarudi uani, ambako sufuria kubwa ya shaba ya jamu ya matufaha ilikuwa inatokota juu ya kuni. Jamu ile ukiiacha kidogo tu imeshika chini, na ikishika imekwisha.

Tacy alikuwa mjane, na alikuwa mmoja wa Marafiki, dhehebu la Kikristo. Watu hawa wana mambo yao. Hawamvulii kofia jaji wala gavana, hawamwiti mtu bwana wala mheshimiwa, na mahakamani hawaapi. Waape kwa nini, wakati kila neno litokalo kinywani mwao ni kiapo tayari? Mwenye duka alipima unga wa kila mtu mara mbili, lakini Rafiki akisema gunia limejaa, limejaa, habari imekwisha. Hata walevi waliowatania kwa kofia zao pana na nguo zao za kijivu waliwaachia ufunguo wa nyumba wakisafiri.

Na kwa miaka yote aliyokuwa akiwaficha watu darini, juu ya tanuri la mkate, Tacy hakuwahi kusema uongo hata mmoja. Wawindaji wa watoro walipokuja kutoka Maryland, ng'ambo ya mpaka, ambako utumwa ulikuwa halali, wakauliza kama amemficha mtumwa, aliwatazama usoni akajibu, "Nyumbani kwangu hamna mtumwa." Ilikuwa kweli tupu. Kwake yeye Mungu hakuumba mtumwa, kwa hiyo hata darini pangejaa watu hadi mbao zilie, mtumwa hakuwamo. Wawindaji waliondoka zao. Tacy alilala usingizi wake safi.

Hester alikuwa amesimuliwa hayo na Charity njiani, na hayakumtuliza.

"Bibi," alisema sasa, mguu ukiwa umefungwa kitambaa. "Wakija, utasema hatumo?"

"Nitasema hamna mtumwa."

"Na wakiuliza vingine?"

Tacy alinyanyua beseni, akaliweka tena chini. "Siwezi kusema uongo, Hester. Sisi hatusemi."

"Mimi nimeusema toka nipate meno," Hester alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa akieleza tu, kama mtu anavyoeleza njia ya kisimani. "Nimesema sijachoka nikiwa nimechoka. Nimesema nampenda bwana. Walipomuuza mume wangu, bwana akaniuliza kama nimehuzunika, nikasema la, bwana, nashukuru. Sasa mnunuzi wa Georgia amekuja, amemfungua Pleasant kinywa, amemtazama meno. Ndiyo maana nimekimbia. Nakuomba mmoja tu. Mmoja, halafu utubu."

"Niombe kingine."

"Sina kingine cha kukuomba, bibi."

Kabla Tacy hajajibu, Charity aliita kutoka uani kwa sauti ya furaha ya uongo, "Loo! Wageni hao! Karibuni, karibuni, mmefuata harufu ya jamu!"

Hester alimnyakua mtoto na kupanda ngazi kwa ule mguu wake mbichi, asitoe hata sauti. Tacy alimwaga maji ya beseni kwenye ndoo ya nguruwe, akafuta mikono na kwenda mlangoni. Moyo wake ulikuwa shwari bado. Sentensi yake ilikuwa tayari.

Wanaume wawili walikuwa wameshuka farasi. Mmoja, Cottman, alikuwa wakala wa mwenye shamba la Maryland, mtu mwenye buti safi kupita kiasi. Wa pili alipogeuka, Tacy alimtambua. Alikuwa Joel Pyle. Joel alizaliwa ndani ya Marafiki, akakua akila mezani kwa Tacy kila msimu wa mavuno, mpaka alipooa nje ya jamii yao na wazee wakamtenga. Sasa alikuwa ofisa wa serikali, na sheria mpya ilimpa haki ya kumkamata mtoro popote na kumtia gerezani amfichaye.

"Tacy," alisema, kofia kichwani, kama walivyomlea. "Hujambo?"

"Sijambo, Joel. Mkeo hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Tumekuja kusalimiana?" Cottman aliuliza.

"Nyumbani kwangu hamna mtumwa," Tacy alisema.

Joel alicheka, si kwa ubaya. "Hiyo, mama yangu, nimeijua nikiwa nakula mkate wako. Wadanganye nayo watu wa Maryland."

"Sikumdanganya mtu."

"Najua. Ndiyo shida yenyewe." Akavua glavu moja. "Sikiliza. Bonde hili nyumba za Marafiki ni nyingi na kila moja ina dari. Nikianza kubomoa mbao, watu weusi wa kule mtoni watasikia, watakuja na bunduki, na sitaki damu. Kwa hiyo sitapekua. Nitauliza tu. Niambie hamna mtu ndani. Usitaje mtumwa. Sema, 'Hamna mtu ndani.' Ukisema, napanda farasi wangu na huyu bwana ataondoka nami."

Cottman alitema mate. "Kwa neno la kikongwe?"

"Kwa watu hawa neno ni muhuri. Hata mimi waliyenifukuza ningeliweka benki neno hilo."

"Hamna mtu humo!" Charity alisema. Alikuwa ameacha mwiko, ameshika kiuno. "Mimi nimefagia dari ile leo leo. Panya tu, na masuke ya mahindi. Mtu atoke wapi? Kweli bwana, naapa mbele ya Mungu na mama yangu kaburini, hamna mtu!"

Uongo ulikuwa mzuri, umenyooka, hauna pindo. Joel hakugeuza hata shingo.

"Sikukuuliza wewe," alisema. "Koroga jamu yako."

Basi wote wakamtazama Tacy. Maneno yalikuwa matatu, na mtoto wa Hester angeweza kuyasema. Tacy alifungua kinywa. Akilini alimwona Pleasant amefunguliwa kinywa na kidole cha mnunuzi. Alijiambia, sema. Sema, mwanamke, utatubu kesho. Lakini ulimi ule ulikuwa umelelewa miaka sitini kutotoka nje ya njia, kama ng'ombe asiyejua shamba la jirani, na sasa ulipoambiwa utoke haukujua utokee wapi. Alifumba macho. Alifanya kile ambacho Marafiki hufanya wakipotea, yaani alinyamaza, akingoja Mungu amwonyeshe.

Mungu hakuharakisha. Kule darini mama na mtoto walikuwa wamenyamaza pia, vizuri mno, hakuna ubao uliolia.

"Ahaa," Joel alisema polepole. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli, na hiyo Tacy hakumsamehe kamwe. "Asante, Tacy."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya mkweli siku ile ilikuwa fupi zaidi: toka mlangoni hadi kwenye ngazi.

Walimshusha Hester amefungwa mikono. Pleasant alishuka mwenyewe, ngazi moja moja, kinyumenyume kama watoto wafanyavyo. Tacy alikimbilia viatu vidogo vya marehemu binti yake vilivyokuwa sandukuni, akapiga magoti kumvalisha.

"Acha hivyo," Cottman alisema. "Aendako atanunuliwa hivyo hivyo, pekupeku."

Charity alikuwa amejitupa mbele ya farasi, anapiga kelele, anawatukana matusi ya nguoni, na Cottman alimsukuma kwa buti lake safi mpaka akaanguka kando ya moto. Joel alitazama pembeni.

Tacy alimshika Hester mkono wa vazi. "Nisamehe. Nilikuwa naomba. Nilikuwa namwomba Mungu anipe—"

"Ulinipa maji," Hester alisema. "Ulinipa mkate, ulinifunga mguu. Vyote hivyo nilikuwa naweza kuishi bila ya kupewa." Alitaka kusema zaidi, lakini kamba ilivutwa. Uani waliposalia Tacy na Charity tu, palinuka jamu iliyoungua.

Siku ya Kwanza, ambayo wengine huiita Jumapili, Marafiki walikusanyika kwenye nyumba yao ya ibada isiyo na msalaba wala kinanda, wakakaa kimya wakingoja roho amguse mtu aseme. Habari ilikuwa imeshafika kutoka mjini. Mahakama ilikaa kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai, Hester hakuruhusiwa kusema neno, na mama alipelekwa kwa bwana wake wa zamani, mtoto kwa yule wa Georgia.

Aliyeguswa alikuwa mzee Mahlon Gawthrop. Alisimama mbele, akaegemea fimbo yake.

"Rafiki yetu Tacy alijaribiwa," alisema. "Aliwekewa mbele yake uongo mdogo wenye sura ya huruma, akaukataa. Tunawalilia waliochukuliwa. Lakini tunamshukuru Mungu kwamba katika nyumba ile ukweli haukuuzwa."

Kina mama walishusha pumzi. Mmoja aliyekaa karibu na Tacy alimgusa goti. Tacy akasimama. Watu walidhani atasema, wakainua nyuso. Hakusema. Alitembea katikati ya mabenchi yote hadi nyuma kabisa, kwenye benchi fupi lililokuwa chini ya ngazi, mahali ambapo Marafiki, waliohubiri kwamba binadamu wote ni sawa, waliwaketisha watu weusi. Charity alikuwa hapo peke yake, mkono umefungwa kitambaa pale moto ulipomchoma. Aliomba kuwa mwanachama zamani sana. Wazee walisema bado wanaliombea jambo hilo.

Tacy alikaa upande wake wa ukutani.

"Charity," alinong'ona. "Sikuweza."

"Naona."

"Nilijaribu. Mungu anajua nilijaribu."

"Na Hester naye anajua." Charity alikuwa akitazama mbele. "Mimi uongo ninao mwingi, Tacy. Ningempa wote. Lakini wangu mimi nani anaupokea?"

Tacy alilia bila sauti, bega lake likigusa bega la mwenzake. Charity hakusogea, wala hakumwegemea.

Ibada ya Marafiki haina amina. Huisha kwa mkono: mzee humshika mkono aliye karibu naye, naye humshika wa pili, mpaka nyumba nzima. Mkono ukaanza mbele, ukateremka benchi kwa benchi, watu wakigeukiana na kutabasamu. Ulipofika benchi la mwisho kabla ya ngazi ulikoma, kama ulivyozoea kukoma. Lakini siku ile mzee Mahlon alishuka mwenyewe, akaja na fimbo yake hadi nyuma, watu wakimpisha. Alisimama mbele ya Charity, akanyoosha mkono. Mkono ukapita usoni kwa Charity, karibu uguse utepe wa kofia yake, ukamfikia Tacy.

Na Tacy, kwa mazoea, akaupokea.