Miguu ya Siku ya Hospitali

Tokie alikuwa na miguu ya aina mbili: ya nyumbani na ya siku ya hospitali. Ile ya nyumbani ilikuwa migumu kama mbao zilizonyeshewa. Aliikokota kutoka jikoni hadi chooni huku mkono ukipapasa ukuta, na mara nyingi haja haikumsubiri. Ile ya siku ya hospitali ilikuwa miguu ya kuazima, na aliiazima kwa Bi Sueno.

Bi Sueno alikuwa mwenye bafu la mtaa. Kagoshima, kusini mwa Japani, hakuna anayehangaika kuchemsha maji ya bafu; yanatoka ardhini yakiwa moto, na mlima wa volkano ulio ng'ambo ya ghuba hudai malipo yake kwa kuwamwagia watu majivu juu ya nguo walizoanika. Kila ilipofika siku ya kupimwa, Tokie alipitia kwanza kwa Sueno, akajitumbukiza hadi shingoni, akakaa humo mpaka misuli ikalegea. Kisha Sueno alimpakia kwenye kigari chake akamkimbiza hospitali, na kwa muda kama wa kupika wali, Tokie aliweza kutembea karibu sawa na watu wengine.

"Umekuja tena kuchemshwa kama yai," Sueno alikuwa akimwambia. "Iko siku nitakumenya ganda."

"Menya tu, shoga, mradi nisiwe kituko mbele ya daktari."

Tokie hakuona kama anadanganya. Siku ya kwenda kwa daktari mtu huoga, huvaa nguo za ndani mpya, na hujikaza. Ndivyo mama yake, Bi Fusa, alivyomlea. Mama na binti walikaanga maandazi ya samaki karibu na soko kwa miaka mingi, na Fusa alisimama mbele ya karai la mafuta hata akiwa na homa, akitabasamu. "Shida yako usiwatwike watu," alisema. Tokie aliyameza maneno hayo kabla hajaota meno yote.

Ugonjwa wake ulikuwa wa watu wachache. Kuna kirusi kinachoweza kulala ndani ya damu ya mtu maisha yake yote, na kwa wengi hakiamki mpaka wanazikwa nacho. Kwa Tokie kiliamka. Uti wa mgongo ukavimba, na kama moto wa makumbi, usio na mwali, ukaanza kula njia ambazo amri za kichwa hupitia kwenda miguuni. Dawa ya kuuzima haikuwepo. Ndipo hospitali kubwa ikatafuta wagonjwa wa kujaribu sindano mpya, na Tokie akajitolea.

Masharti alielezwa vizuri. Wengine wangechomwa dawa, wengine maji ya chumvi, na hakuna ambaye angejua nani kapata nini: si mgonjwa, si nesi, wala si Daktari Uchizono mwenyewe. Lakini mlango mmoja uliachwa wazi. Mgonjwa ambaye mwendo wake ungezorota kupita kiasi kilichowekwa, akilinganishwa na siku yake ya kwanza, angehamishiwa dawa ya kweli bila kungoja. Mlango huo ulikuwa na siku yake ya kufungwa. Baada ya hapo, kila mtu angebaki na alichopangiwa mpaka jaribio liishe, na mwisho wake ulikuwa mbali kuliko miguu ya Tokie ilivyoweza kungoja.

Siku ya kwanza alipimwa bila kupitia kwa Sueno. Alitembea vibaya kiasi kwamba alijionea haya, na tangu siku ya pili akawa anaoga kwanza. Basi kila alipopimwa, Daktari Uchizono alitazama saa yake na uso ukamchangamka. "Hujazorota, Bi Tokie. Vizuri sana!" Alikuwa kijana mpole, mwenye kusugua viganja vyake mpaka vipate joto kabla hajamgusa mgonjwa magoti. Tokie aliinamisha kichwa, akasema, "Ni kwa jitihada zenu," kisha akaenda kulia chooni. Moyoni alijua kwamba anachomwa maji ya chumvi.

Kwa nini basi asiseme? Kumvunja moyo kijana yule ilikuwa sababu ndogo. Sababu kubwa ilikuwa Bi Fusa. Anayehamishiwa dawa ya kweli hulazwa kwanza, na daktari humwita mtu wa nyumbani kumweleza ugonjwa, tangu chanzo mpaka mwisho. Mtu wa nyumbani wa Tokie alikuwa mmoja tu, mama yake. Na chanzo kilikuwa maziwa ya mama. Kirusi kile hupita humo, kutoka ziwani mpaka kinywani mwa mtoto, katika ile saa ambayo mama anadhani anampa uhai mtupu. Tokie alikuwa amemwambia mama yake kwamba mgongo umechoka kwa kusimama sana kwenye karai, na Fusa hakuuliza zaidi.

Hivyo ndivyo alivyonaswa. Akitembea vizuri, dawa inampita. Akitembea vibaya, mama ataitwa. Alilala na hilo, akaamka nalo.

Asubuhi ya kipimo cha mwisho kabla mlango haujafungwa, alimkuta Fusa amekaa mlangoni, viatu miguuni, barakoa usoni kwa ajili ya majivu, mkoba mapajani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Uendako."

"Hospitali hakuna cha kuona."

"Basi nitaona hicho kisichokuwepo."

Nyumba yao, kama nyumba nyingi za zamani, ilikuwa na daraja la juu la kupandia baina ya sakafu na mlango. Fusa alinyoosha mkono wake mkavu. "Shika."

"Niko sawa, Mama," Tokie alisema, akateremka kwa makalio, huku akijifanya anatafuta kiatu.

Sueno alikuwa nje anafagia majivu kwenye kioo cha gari. Alipowaona wawili, akapiga kofi. "Leo mayai mawili! Na hili la zamani litaiva kweli?"

"Nilikwisha kuiva kabla hujatagwa," Fusa akamjibu, akajipakia kiti cha mbele.

Tokie hakuwa amefikiria kwamba mama yake ataingia naye bafuni. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa akioga peke yake, nyumbani kwa mlango uliofungwa, na kwa Sueno saa ambayo watu hawajaja. Sasa mama yake alikuwa anavua nguo kando yake, anazikunja vizuri, anashika beseni. Bafuni hakuna pa kujificha. Tokie alikaa haraka kwenye kigoda, akajifunika mapaja kwa taulo.

"Nipe mgongo," Fusa alisema.

Alimsugua polepole, kama alivyomsugua utotoni, akianzia shingoni. Alipofika kiunoni akachukua lile taulo kutoka mapajani, kana kwamba analitaka tu la kusugulia. Mkono wake ukasimama. Miguu ya Tokie ilikuwa imekonda, magoti yamebaki kama mafundo kwenye kamba.

"Miguu hii niliijua ikiwa minene kama figili," Fusa alisema.

"Ni uzee, Mama."

"Uzee ninao mimi. Wewe una kitu kingine."

Maji yalikuwa yanatiririka.

"Redio ilieleza," Fusa aliendelea, na mkono ukaanza tena kusugua. "Miguu inakuwa migumu. Uti wa mgongo. Kirusi. Maziwa ya mama. Nilikuwa naosha mchele. Nikauosha, nikauosha, mpaka maji hayakuwa na weupe wowote, na mimi bado naosha."

"Ilikuwa lini?"

"Mwaka ule ulipoanza kushika ukuta."

"Mama! Na hukusema?"

"Na wewe ulisema? Nikadhani hujui. Nikajiambia, mtoto ana mzigo wa kumtosha, usimwongeze huu."

"Mimi nilidhani wewe ndiye hujui."

Walitazamana katika mvuke. Mficha maradhi kilio humfichua, husema watu, lakini hawa walikuwa wamefichana ugonjwa mmoja ndani ya nyumba moja, kila mmoja akilinda usingizi wa mwenzake, na hakuna aliyelala.

"Ulikuwa ukinyonya huku unacheka," Fusa akasema. "Maziwa yanakumwagikia shingoni. Sikujua, na hakuna aliyejua. Lakini kicheko kile ni changu, Tokie. Sikirudishi."

Tokie alimwinamia begani. Nje, Sueno akapiga kelele kutoka kwenye meza ya kupokelea wateja, "Nyie, mmeyeyuka humo? Nije na kijiko?"

"Bado tunaiva!" Fusa akapaza sauti. Tokie akacheka bila kutaka, akajifuta macho. Kisha, kwa mazoea, akajivuta kuelekea kwenye bwawa la maji ya moto.

Fusa akamshika mkono. "Usiingie."

"Mama, bila maji siwezi kutembea."

"Ndivyo ninavyotaka waone. Ukiingia humo atatoka mtu mwingine, na daktari atampima huyo mwingine, na dawa atapewa huyo mwingine. Wewe utarudi nyumbani kushika ukuta."

"Nitaaibika mbele yao."

"Utaaibika. Halafu?"

Tokie akaliacha bwawa. Walijimwagia maji ya vuguvugu, wakavaa. Sueno aliwatazama, akaona uso wa Tokie haujawa mwekundu kwa joto, na ulimi wake wote ule mrefu ukatulia. Aliwasha gari, akaenda polepole kwenye kona zote.

Korido ya hospitali ilikuwa na baridi. Nesi Arimura, mwanamke mnene asiye na haraka, alimwekea Bi Fusa kiti mwisho wa njia ya kupimia mwendo bila kuombwa, akavua sweta lake na kulikunja liwe mto. Kisha akamgeukia Tokie na kumwambia neno lile alilomwambia siku zote: "Tembea kama kawaida yako."

Daktari Uchizono akabonyeza saa.

Mguu wa kulia ulikataa. Ulipokubali ulikuja kwa kufagia sakafu, ukaupiga wa kushoto, yote miwili ikasokotana kama mkasi. Joto la aibu likampanda Tokie mpaka masikioni. Kila kilichofundishwa mwilini mwake kilimpigia kelele ajikaze, akaze meno, atabasamu, avute pumzi na kuruka hatua mbili tatu za uongo. Bado aliweza. Hilo ndilo lililomtesa: bado aliweza kujinyima dawa. Akainua macho, akamwona mama yake kitini. Fusa hakuwa anatabasamu. Uso ule uliotabasamu mbele ya mafuta hata kwa homa ulikuwa umeachwa wazi, na machozi yanashuka bila kufutwa.

Tokie akaacha kujikaza.

Alitembea kama anavyotembea nyumbani. Katikati ya njia alisimama, akashika chuma cha ukutani, akatweta. Nyuma yake Nesi Arimura alikuwa anafuata kwa hatua ndogo ndogo, viganja vimefunguliwa karibu na kiuno chake, bila kumgusa. Njia ile ya kuvuka mara moja ikawa ndefu kama mlima, na alipofika mwisho alishikwa na mikono minne kwa pamoja, ya nesi na ya mama.

Daktari Uchizono alikuwa ameiangalia saa, akaiangalia tena. Uso haukumchangamka. "Bi Tokie, umekuwa ukitembea hivi tangu lini?"

"Nyumbani, tangu zamani. Nikija huku huwa naoga maji ya moto kwanza, ili nisikusumbue. Siku ya kwanza tu sikuoga."

"Maji ya moto," kijana alirudia. Akakaa kwenye benchi kama mtu aliyeangukiwa na kitu. "Nimekuuliza dawa unazokunywa, chakula, usingizi. Na mimi ni mtu wa hapa hapa. Ningekuuliza kuhusu bafu." Akasimama, akainama mbele yake, akakaa ameinama muda mrefu.

Alikwenda kupiga simu kwa wasimamizi wa jaribio, naye akakawia. Nesi akaleta chai ya shayiri. Sueno, aliyekuwa amechoka kungoja nje, akaingia na majivu yake mabegani, akaketi kando ya Fusa. Kama wangekataa, basi. Mlango ungefungwa, na Tokie angekuwa ameivua nguo aibu yake bure.

Daktari aliporudi alisema wamekubali. Kipimo cha leo kitalinganishwa na cha siku ya kwanza, na vile vya katikati vitaandikwa kwamba viliharibiwa na maji ya moto. Atahamishiwa dawa ya kweli. "Lakini sitakudanganya. Inaweza kuuzima moto, na inaweza isiuzime. Kilichokwisha kuungua hakirudi." Akafungua faili. "Sasa itabidi mtu wa nyumbani aje, nimweleze ugonjwa tangu mwanzo."

"Mtu wa nyumbani yuko hapa," Fusa alisema kutoka kitini. "Mwanzo naujua. Anzia katikati."

Waliporudi jioni, daraja la mlangoni lilikuwa pale pale. Fusa alipanda, akageuka, akanyoosha mkono.

"Shika."

Tokie akaushika. Mama akavuta, binti akasukuma, na mguu mmoja ukapanda na wa pili ukakataa, wakabaki hapo wameng'ang'aniana, si juu si chini.

"Tazama hawa," Sueno alisema nyuma yao, "wamekwama kama makoti mawili kwenye msumari mmoja." Akaweka viganja kwenye makalio ya Tokie, akasukuma, na wote watatu wakaanguka wakakaa kwenye ubao wa daraja, wanacheka na kuhema.

Hakuna aliyekuwa na nguvu za kuinuka tena. Ndani, ukuta ulikuwa unamngoja Tokie na alama za vidole vyake. Fusa akafungua mkoba, akatoa vichungwa vidogo vya msimu, akaanza kumenya. Kipande cha kwanza akampa Sueno, kwa sababu ni mgeni. Cha pili akamtia binti yake mdomoni.