Shukrani kwa Wajane

Mwaka ule hesabu za mfuko zilimfuata Wassila nyumbani, kwa kuwa yeye hakuweza kuzifuata ofisini. Alikuwa katika eda, ile miezi minne na siku kumi za mjane kukaa ndani. Mumewe, Nouri, alifariki Novemba, wiki ileile mashine za kukamua zeituni zilipowashwa na mji wa Sfax ukaanza kunuka mafuta mabichi. Tangu siku hiyo Wassila hakuvuka kizingiti. Alivaa nguo nyeupe zisizo na pambo, hakutia wanja, alilala alipochoka na kuamka alipoamka. Watu walimsifu kwa subira. Yeye mwenyewe hakujua kama ni subira. Alijiona kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, ila ukiguswa hausikii.

Aliyeleta kazi alikuwa Faouzia, mhudumu wa dirishani kule ofisini. Alikuja na kompyuta kwapani na kikapu kimejaa karatasi.

"Lella Wassila, unisamehe," alisema akivua viatu. "Bwana mwenyekiti, Si Tayeb, anasema hakuna anayejua kufunga mwaka ila wewe, na mkutano ni Jumamosi. Juzi alijaribu mwenyewe, akakuta tuna hasara ya milioni mbili."

"Na tuna hasara?"

"Hatuna. Alijumlisha na tarehe."

Kicheko kilitoka jikoni. Alikuwa Khalti Mahbouba, mama yake Nouri, ambaye alikuwa akiishi nao na sasa alikuwa akiishi naye. "Mwenyekiti wenu huyo," alisema, "tangu ujana wake akihesabu kondoo hujihesabu na yeye."

Mfuko wa Afya wa Wakamua Zeituni haukuwa kampuni. Haukuwa na mwenye hisa wala tajiri anayengoja faida. Watu wa mashine za kukamua walikatwa kidogo kidogo katika mishahara yao, fedha zikakaa pamoja, na anayeugua akasaidiwa. Taarifa ya kila mwaka ilianza kwa maneno yaleyale: Kila dinari ni ya mwanachama. Kikibaki kitu baada ya hesabu, mkutano mkuu ndio ulioamua kifanyiwe nini.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Mwanachama alilipa kwanza hospitali kwa fedha zake, kisha akapeleka stakabadhi dirishani na kurejeshewa sehemu kubwa. Masharti yalikuwa mawili: alete ndani ya siku tisini, na aje mwenyewe. Akiwa amefariki, aje mjane wake, asitumwe mtu. Hili la pili liliwekwa zamani, baada ya bwana mmoja kuchukua marejesho ya marehemu kaka yake na kununulia pikipiki. Wazee waliokaa kulitunga walikuwa wakimlinda mjane.

Wassila alifungua kompyuta kwenye meza ya kulia. Kazi ilimfaa. Tarakimu hazikumwuliza hali yake, wala hazikumwambia Mungu ampe moyo. Aliingiza michango, akatoa malipo ya hospitali, dawa, kodi ya ofisi, mishahara ya watu wanne, akatenga akiba kama sheria inavyotaka. Alasiri alifika chini ya ukurasa. Dinari elfu thelathini na nane zilikuwa zimebaki. Miaka mingi mfuko haukuwa umebakiza kiasi hicho.

Faouzia alipiga makofi. "Tutanunua kiti cha daktari wa meno! Si Tayeb ameshakiona hadi rangi yake. Wanachama watang'olewa bure, mji mzima utabaki vibogoyo."

Wassila hakucheka, ila hakuudhika pia. Macho yake yalikuwa kwenye mstari mmoja, ule ulioitwa marejesho yasiyochukuliwa. Elfu kumi na tisa. Nusu ya kilichobaki ilitoka pale.

"Na kwenye shukrani," Faouzia alisema, akichambua karatasi zake, "nitie na jina lako pamoja na wale wajane sita?"

"Shukrani zipi?"

"Zile za kila mwaka, Lella. Si Tayeb amesema Mungu akulipe. Anasema anajua operesheni ile ya moyo iliwagharimu kiasi gani, na hakutegemea kwamba hata wewe utaacha."

"Nimeacha nini?"

Faouzia alisita. Aliitazama karatasi, kisha mlango wa jikoni. "Siku tisini zilipita mwezi uliokwisha. Hukuleta stakabadhi. Tulijua umeacha iwe sadaka yake, Mungu amrehemu. Si ndivyo wanavyofanya wote?"

Stakabadhi za Nouri zilikuwa ndani ya kabati la sahani, chini ya bakuli kubwa la harusi. Wassila aliziweka pale siku ya tatu ya msiba na hakuzigusa tena. Hakuwa ameacha kitu. Hakuwa ametoka, basi.

"Nani alikwambia kwamba wanaacha?" aliuliza.

"Hakuna. Sentensi ya shukrani niliikuta hivyo."

"Hata mimi niliikuta," alisema Wassila.

Aliitafuta sentensi yenyewe. Ilikuwa ukurasa wa mwisho, mahali pake pa siku zote: Mfuko unazishukuru familia za marehemu, hasa wajane wao, kwa ukarimu wa kuuachia mfuko haki zao. Kwa miaka kumi na miwili ya uhasibu wake alikuwa akiichapa, akibadilisha mwaka na majina tu. Hakuna mjane aliyekuja mkutanoni kuisikia. Wengine walikuwa bado ndani, eda; wengine walikwisha kukata tamaa.

Khalti Mahbouba aliingia na kahawa yenye harufu ya maua ya michungwa. Wassila alimwuliza bila kugeuka.

"Khalti, baba yake Nouri alipofariki, zile gharama za hospitali uliuachia mfuko?"

"Niache?" Kikombe kiligonga meza. "Niache kwa mali gani? Nilikaa eda yangu kama nilivyofunzwa, nikatoka, nikaenda dirishani na kitita changu cha karatasi. Kijana pale akaniambia, mama, muda umepita. Nikarudi. Ningegombana mbele ya watu, na kaburi bado bichi? Niliuza bangili."

"Tulikushukuru," Wassila alisema.

"Nini?"

"Kwenye taarifa. Tuliandika kwamba umetoa kwa ukarimu. Niliandika mimi. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza."

Mwanamke yule mzee alimgeukia Faouzia. "Kunywa, binti, inapoa. Wewe nawe usitumbue macho, hukuwapo."

Kabla Faouzia hajaondoka, Wassila alimpigia simu Si Tayeb. Alimweleza polepole, kama anavyosomewa mtu hati ya nyumba.

"La haula," alisema mwenyekiti. "Na mimi mwaka wa kwanza nililia niliposoma ile sentensi. Nikasema, tazama wanawake wetu."

"Ndiyo, Si Tayeb."

"Lakini, binti yangu, ukiitoa kumi na tisa, kiti cha meno hakipo. Nimeshawapa watu neno. Kuna wazee wanatafuna kwa upande mmoja tangu Ramadhani." Alikohoa. "Ya Nouri italipwa. Hiyo niachie mimi, wewe unajua hukuweza kutoka. Tuipitishe kimya kimya."

"Na wale sita?"

"Tutawatazama mwakani. Sheria ni sheria, muda umepita. Wewe funga hesabu, tia sahihi, upumzike."

Wassila aliikata simu akiwa hana hasira. Alijua Si Tayeb hakuiba hata kibiriti maishani mwake. Alijua pia kwamba mkutano ukishapitisha hesabu, mwaka umefungwa, na fedha zikishakuwa kiti hazirudi kuwa fedha. Kama hesabu zingesomwa na mtu mwingine Jumamosi, zingesomwa kama zilivyo, na Faouzia angeambiwa apige chapa shukrani. Kama angezisoma yeye, ingebidi atoke. Eda yake ilikuwa bado kwisha.

Alikaa na jambo hilo siku mbili, akilizungusha bila kulisikia uzito. Ijumaa jioni, wakiwa wanachambua dengu, Khalti Mahbouba alisema, "Vaa viatu vilivyofungwa kesho. Njia ya ghala ina tope."

"Sijasema kama nakwenda."

"Hujasema kitu tangu Novemba. Nikingoja useme nitazeeka." Aliokota jiwe kwenye dengu akalitupa. "Mjane hutoka mchana kwa haja yake, akarudi kulala kwake. Mwulize imamu yeyote. Ni sisi tuliojitia kufuli ya pili."

"Majirani watasema."

"Waje waseme kwangu. Mimi ndiye mama wa aliyekufa."

Mkutano ulifanyika katika ghala la mafuta, msimu ukiwa umekwisha na matangi yameoshwa. Wanaume walijaa mabenchi, wanawake wachache wa kufunga chupa walikaa nyuma. Wassila alipoingia na nguo zake nyeupe, minong'ono ilikatika. Si Tayeb aliinuka, akamtazama, akampisha kiti chake.

Kwa desturi ya mfuko, kabla ya tarakimu yoyote husomwa majina ya waliofariki mwaka ule, watu wakisimama, kisha wakasoma Fatiha. Wassila alisimama na karatasi. Alisoma jina la kwanza, akaongeza: "Mjane wake alikuwa ndani, eda, siku zilipokwisha. Haki yake ambayo haikuchukuliwa, dinari elfu tatu na mia mbili." Akasoma la pili na haki yake. Watu walitazamana wakiwa wamesimama, hawajui kama wakae au waendelee kusimama. La saba lilikuwa la Nouri. Alilisoma kwa sauti ileile aliyosomea yale sita, na tarakimu yake baada yake. Lilimpitia kama jina la mtaa.

"Jumla elfu kumi na tisa," alisema. "Kila mwaka tumewashukuru wajane kwa kuziacha. Hawakuziacha. Siku tisini zinakwisha wao wakiwa bado ndani. Naomba fedha hizi zitolewe kwenye kilichobaki, walipwe. Na kuanzia sasa siku zihesabiwe baada ya eda. Sasa tusome Fatiha."

Walisoma. Walipokaa, mtu wa benchi la kati alipaza sauti. "Lella Wassila, pole na msiba. Lakini sema kweli, si umekuja kudai yako?"

Baadhi walicheka, wengine wakamzomea.

"Ndiyo," alisema Wassila. "Nimekuja kudai yangu. Ni ya saba kwenye orodha."

Kicheko hakikupata pa kuendelea.

"Na meno yetu je?" mzee mmoja aliuliza, akishika shavu. "Mimi nimelipa mfuko huu tangu punda ndio waliozungusha jiwe la kusagia."

"Wewe una meno mangapi, Ammi Jalloul?" jirani yake alimwuliza.

"Matatu."

"Basi yanangoja mwakani, hayana haraka. Lakini ukifa kabla, mkeo atakula nini?"

"Usinifishe! Anatafuta kiti changu hapa mbele huyu."

Ghala lilicheka, kisha kila mwanamume akaonekana kuwazia nyumba yake na mlango wake. Si Tayeb aliivua kofia yake nyekundu, akaigeuza mikononi. "Niliahidi kiti," alisema. "Niliahidi kabla ya kujua kinanunuliwa kwa fedha za nani. Wanaokubali wajane walipwe, wanyanyue mikono."

Mikono mingi ilinyanyuliwa. Ya Ammi Jalloul ilichelewa, ikanyanyuka nusu. Siku za kudai zikasogezwa zianze baada ya eda. Lakini Wassila alipouliza kuhusu wajane wa miaka ya nyuma, mabenchi yalipiga kelele. Fedha zile zilikwisha kuwa paa, majenereta, dawa za watu waliopona. Yaliyopita yasifukuliwe, walisema. Mikono ya kuyafukua ilikuwa michache hata haikuhesabiwa. Si Tayeb alimtazama Wassila kana kwamba anamwomba radhi, naye akaandika matokeo yote mawili, na kutia sahihi.

Alirudi kabla ya adhana ya magharibi, viatu vimejaa tope. Khalti Mahbouba alikuwa amekaa karibu na mlango, ingawa pale palikuwa na baridi.

"Wamesemaje?"

"Wa mwaka huu watalipwa. Siku zimesogezwa."

"Na sisi wa zamani?"

"Wamekataa, Khalti."

Mzee yule aliitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa bei ya nyanya. "Ile sentensi ya shukrani?"

"Nimeifuta."

"Hata ya mwaka wangu?"

"Ya mwaka wako ilishachapwa. Ipo kabatini na taarifa nyingine."

"Basi ilete unisomee," Khalti Mahbouba alisema. "Sijawahi kuisikia."

Wassila alikwenda kabatini bila kuvua viatu. Alilisogeza bakuli, akaona stakabadhi za Nouri, akaziacha, akavuta taarifa ya chini kabisa. Alikaa sakafuni karibu na mama mkwe wake na kufungua ukurasa wa mwisho. Alisoma kwamba mfuko unazishukuru familia za marehemu, hasa wajane wao, kwa ukarimu wa kuuachia mfuko haki zao. Kisha akasoma majina. Mahbouba lilikuwa la nne.

"Ukarimu," alisema Khalti Mahbouba. Alikishika kifundo cha mkono wake, pale bangili zilipokaa zamani. "Maneno mazuri. Yamepangwa vizuri."

Wassila alingoja aone kama kuna kitu kitamjia. Hakikuja.

"Soma tena," alisema mama mkwe wake, naye akasoma tena.