Hodi ya Binti wa Maji

Nalala mchana, nimevaa gauni la kijani, juu ya lundo la mapazia ya zamani nyuma ya jukwaa. Mwalimu Shemdoe, anayetufundisha kuimba, ameniamuru nipumzishe koo nisiseme na mtu, maana jioni hii mimi Tunu ndiye binti wa maji katika opera ya ngano iliyotoka nchi ya Wacheki: kiumbe wa ziwani anayempa mchawi sauti yake ili apate miguu ya kumfuata mwana wa mfalme. Tangu mazoezi yaanze swali moja linanikereketa. Mtu mwenye akili timamu anatoaje sauti yake kwa ajili ya mwanamume? Nasinzia nalo, na mapazia yanalegea chini yangu, yanakuwa laini, yanakuwa maji, nami nazama bila kulowa.

Chini kuna barabara, na barabara haina mwisho, ikifika mbali inajikunja na kurudi ilikotoka. Kando yake amesimama mzee, koti lake linachuruzika maji kwenye pindo la kushoto, na penye uso pana maji matulivu tu, najiona humo. Shikamoo, namwambia, maana awe na uso asiwe nao, mkubwa ni mkubwa. Marahaba, anaitika, na mapovu yanapanda. Nyuma yake vimepangwa vikombe vya udongo vilivyofudikizwa, na mimi nikiona kitu kimefunikwa situlii. Humu mna nini, mzee? Kiko kooni na hakishibishi, anasema, kikitoka kinafika kabla ya mwenyewe. Sauti! nasema, na hapo hapo nafunua kimoja. Kitupu. Hicho cha binti yangu, anasema, mchawi ameshainywa. Huyo anakuja. Mpeleke mlangoni kwa mwana wa mfalme, mwanangu, wewe una mdomo. Asipopokelewa leo, majini harudi na nchi kavu hakai, atatangatanga barabara hii milele.

Binti anakuja akikanyaga kama mtu aliye pekupeku kwenye mchanga wa moto. Miguu ni mipya. Namwonea huruma, lakini udaku wangu haulali, namuuliza njia nzima, ulimpendea nini? Alikuahidi nini? Ananitazama tu. Msitu unapita huku sisi tumesimama, halafu mji unatokea, nyumba zimesimama juu ya vivuli vyake na kila mlango una mwenzake chini majini. Dirishani kwa mwana wa mfalme amekaa binti wa kifalme wa nchi ya kigeni, anaongea, anacheka, anaongea tena, na watu wa ndani wanamwitikia. Binti wa maji anaupiga mlango kwa ngumi. Hakuna anayejali. Anaupiga tena, nami nashindwa kujizuia, nasema, wee, nyumba ya watu inagongwa hivyo? Piga hodi! Ananigeukia, macho yamejaa, na aibu inanishika. Atapigaje hodi asiye na sauti?

Basi kiherehere changu kinanitangulia. Hodi! naita. Hodi wenyewe! Ndani sauti ya kiume inauliza, nani? Na sisi kwetu tukiulizwa hivyo hatutaji jina, kana kwamba dunia nzima ina mtu mmoja tu. Mimi, nasema.

Mlango unafunguka. Mwana wa mfalme hanioni kabisa, anamtazama yeye, uso umechanua. Kumbe ni wewe, anasema, hiyo sauti nimeitafuta sana, karibu. Binti anafumbua kinywa, na kinachotoka ni sauti yangu, na ule mkwaruzo wangu mdogo wa asubuhi. Ahsante, dada, ananiambia. Uliniuliza kwa nini. Nilidhani atanisikia hata hivyo. Nataka kumwambia nirudishie, nina watu jioni hii, lakini koo langu ni kikombe kitupu. Nalia bila mlio. Mlango unafungwa, na mzee yuko nyuma yangu, pindo linachuruzika. Binti yangu naye atakuja kwenu, anasema, atapiga hodi. Akikaribishwa, ameingia. Namwonyesha koo langu kwa kidole. Nitamzuiaje? Anacheka mapovu, na barabara inajikunja, inanifunika.

Naamka juu ya mapazia. Ndoto, najiambia, na moyo unatulia kidogo. Ng'ambo ya lundo hili namwona Mwalimu Shemdoe amenipa mgongo, anapanga karatasi za muziki, na huko ukumbini watu wanavuta viti. Nataka kumwita, nimchekeshe kwa haya yote. Nafumbua kinywa. Nasukuma pumzi, na pumzi peke yake inatoka. Pindo la gauni langu, upande wa kushoto, linadondosha maji sakafuni.

Hodi, inaita sauti nje ya mlango, na ule mkwaruzo mdogo.

Mwalimu hainui kichwa. Nani?

Mimi.

Aa, Tunu, anasema, karibu, karibu mama, watu wameshakaa.