Sukani ya Sikukuu

Dukani Ruwi, Majid alisimama mpaka muuzaji akaanza kumtazama kwa pembe ya jicho. Mbele yake palikuwa na vitu vitatu vya kuchezea mbio za magari kwenye kompyuta: kibodi mpya, pedi ya kushika mikononi, na sukani nyeusi yenye pedeli zake mbili. Kibodi, kaka yake Msellem alikuwa nayo. Aliitwanga kutwa nzima tangu ajali ilipompoozesha miguu. Pedi aliiona ya kitoto. Akachukua sukani, maana Msellem alikuwa dereva hasa, na siku ile ya ajali hakuendesha yeye. Aliendesha Majid, na leseni yake mbichi.

Tangu hapo walizungumza habari za chai na joto tu. Majid hakuwahi kuomba radhi. Idi ilipokaribia, siku ambayo watu wao huombana msamaha nyumba kwa nyumba, alijiambia kuwa sukani itamsemea. Woga nao una akili zake.

Asubuhi ya Idi, nyumbani kwao Bawshar, aliifunga sukani mezani mbele ya kiti cha magurudumu alichokalia Msellem. Mama yao, Bi Kheiria, alisimama mlangoni na sahani ya halua. Majid akainama kupanga pedeli sakafuni, na hapo ndipo alipoiona miguu ya kaka yake, imelala upande ndani ya soksi mpya alizovishwa na mama. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mwanangu," mama alisema taratibu, "akili ulizipeleka wapi?"

"Mwache, mama," Msellem alisema. "Majid, kaa hapo hapo chini. Sukani nnashika mimi, wewe kandamiza kwa mikono. Nikisema mafuta, mafuta. Nikisema breki, breki."

Basi akakaa chini ya meza na kanzu yake ya sikukuu, viganja juu ya pedeli, haoni kitu ila miguu ile. Gari likavuma.

"Mafuta," alisema Msellem. "Tia mafuta."

Sauti yake ilichangamka, na Majid akafurahi. Alidhani keshasamehewa.

"Breki."

Majid akakandamiza kwa nguvu zake zote. Mvumo ukakatika.

"Kumbe unasikia," alisema Msellem kutoka juu. "Siku ile nilikwambia hivyo hivyo. Tena na tena nilikwambia."

Mama akaitua sahani. Majid alibaki chini ya meza, mikono ingali imeng'ang'ania breki, akafungua mdomo aombe radhi, na neno halikutoka.