Swichi ya Kusini

Stima ilipotea mtaa mzima wa Mowlem mara tu giza lilipoingia, na watu wakaanza kulaani kutoka dirisha hadi dirisha. Juu ya paa la ghorofa, katikati ya kamba za nguo, Ndete alikaribia kupiga vigelegele: bila taa za mtaa, nyota zingeonekana vizuri. Mtambo wake wa betri, ule unaoizungusha kamera taratibu ili ifuate nyota, ulikuwa umerudi majuzi tu kutoka kwa mafundi wa soko la Muthurwa, baada ya fundi mmoja kuuchoma waya na mwingine kumzungusha hadi akachoka. Sasa mvua ndefu zilikuwa mlangoni. Asipolipata leo lile wingu jekundu la nyota upande wa kusini, basi tena mpaka mwakani.

Shida ni kwamba hakuwa peke yake. Upande wa pili wa paa alikuwepo Aluoch, jirani ambaye Ndete mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi hii ya kupiga picha za nyota. Wakati yeye akihangaika na mafundi, picha za Aluoch zilitundikwa kanisani, na mchungaji akamwita "binti yetu wa nyota." Binti yetu! Ulikuwa wivu, wala Ndete hakujidanganya kuwa ni kitu kingine.

Picha yake ya kwanza ikatokea. Kila nyota ilikuwa imeburuta mkia.

Aluoch akaja kuchungulia. "Mwalimu, swichi iko kaskazini. Fundi ameigusa. Si ulinifunza huku kwetu, chini ya ikweta, tunaweka kusini?"

Kweli tupu. Mtambo ulikuwa ukizunguka kinyume.

"Niache, Aluoch. Najua ninachofanya."

"Sawa, Mwalimu." Akasita kidogo. "Wacha nishuke nikatupikie chai. Nitakawia."

Nani alitaka chai? Aluoch alikuwa anampisha tu ajirekebishe bila kutazamwa, na hilo likamuuma Ndete kuliko kukosolewa. Kumbe hata huruma anayo, shenzi! Akaigeuza swichi. Katika picha iliyofuata nyota zilitulia, na katikati yake wingu likajitokeza, jekundu, jinsi alivyolikumbuka. Machozi yakamlenga.

Ndipo aliposikia viatu kwenye ngazi. Aluoch angeiona picha hiyo na angefurahi, angefurahi kwa dhati, na furaha hiyo ndiyo Ndete asingeweza kuivumilia. Mkono ukamtangulia. Akaifuta picha, akairudisha swichi kaskazini.

"Vipi, Mwalimu, imekubali?"

"Fundi ameniharibia," alisema Ndete, akapokea kikombe.