Goti la Kushoto la Kiberiti

Timu nzima ilimwita Mjomba, hata kocha, ambaye kwa umri angeweza kumzaa. Ukweli ni kwamba alikuwa mjomba wa mtu mmoja tu, beki wa kushoto, mtoto wa dada yake, waliyempachika jina la Kiberiti kwa kuwa alikuwa mfupi, mwembamba na mwepesi wa kuwaka. Wengine waliliokota tu neno mdomoni mwake wakalifanya lao, na yeye hakujali. Kazi yake ilikuwa kuchua misuli ya timu ya taifa, na miguu aliijua kuliko sura. Ungemfunga kitambaa machoni ukamshikisha shavu la mguu, angekutajia mwenyewe na pengine angekwambia jana alilala saa ngapi.

Kila asubuhi, akishamaliza kuwachua, alijaza fomu ya daktari: namba ya mchezaji, mahali panapouma, na mwisho neno moja. Daktari wa timu alikuwa mtu wa mambo mengi, na alimwamini Mjomba kupita kiasi. Mguu ulioandikwa "sawa" hakuugusa kabisa. Basi kwa Kiberiti, tangu walipovuka kwenda robo fainali, Mjomba alikuwa ameandika "sawa" siku nne mfululizo, na siku zote nne alikuwa anadanganya.

Goti lenyewe halikuwa geni. Lilimsumbua Kiberiti tangu klabuni kwake, ambako walilipiga picha, wakamwambia apumzike wiki moja, na yeye akaamini kwamba picha zile zimezikwa kabatini na hakuna wa kuzifukua. Kwenye mechi iliyopita likavimba upande wa ndani. Mjomba aliligusa asubuhi yake, akasita, akachukua kalamu.

"Ukiandika tu, nimekwisha," Kiberiti alimwambia, uso kwenye mto wa meza ya kuchulia.

"Nisipoandika utakwisha vibaya zaidi."

"Mjomba, nina miaka ishirini na sita. Mwakani wataanza kuniita mkongwe. Yule mzee amekuja mechi tatu. Unafikiri amekuja kupunga upepo?"

Yule mzee alikuwa skauti, msaka vipaji, wa klabu kubwa ya ng'ambo. Jina lake hakuna aliyelijua. Walimwita Mzee wa Daftari, kwa sababu wenzake wote walishahamia kwenye kompyuta, yeye bado alikuwa na daftari lake la jalada gumu na kofia iliyopauka. Magazeti ya michezo nayo yalishikilia bango: kila siku orodha ya wanaowindwa, na kila orodha Kiberiti yumo. Kijana aliyakata makaratasi yale akayaweka chini ya godoro lake kambini, na Mjomba, aliyemlea tangu shemeji yake afariki, alijifanya hajui.

Akaandika "sawa". Ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza, na ya nne hata hakutua kalamu kufikiri. Ndivyo mtu anavyojizoesha uovu, akiuita huruma.

Siku ya mechi, kwenye chumba cha kuvalia, Mjomba alitoa roli ya bandeji nene ya kunata. Hapo alikuwa na uhakika. Goti likifungwa vizuri lingevumilia dakika tisini, hata zile za nyongeza, maana hii ilikuwa hatua ya mtoano: ukifungwa, unafungasha.

"Usinifunge," Kiberiti akanong'ona.

"Umerogwa? Bila hii huchezi."

"Kwani maskauti wanakuja kuangalia mpira? Wanakuja saa nzima mapema, wakati tunapasha misuli, wanaangalia nani kafungwa wapi. Mzee wa Daftari anaandika bandeji kabla hajaandika namba."

Na hilo lilikuwa kweli, kila mtu wa kazi ile alilijua. Kuna wachezaji walishakosa usajili kwa sababu ya kipande cha bandeji pajani. Mjomba akautazama mlango wa daktari. Ulikuwa hatua kumi, wala haukufungwa, na daktari alisikika akicheka na mtu kwenye simu. Hatua kumi hazikumshinda. Kilichomshinda ni uso wa yule kijana, ulivyokuwa ukimwomba kama zamani alipokuwa akiomba asipelekwe shule siku ya mtihani. Akairudisha bandeji mkobani, akalipaka goti dawa ya moto, akavuta soksi hadi chini yake tu.

Kiberiti alicheza mpira wa kuwatia watu wazimu. Kipindi cha kwanza yule winga waliyemwogopa wiki nzima aligusa mpira mara chache, na kila alipougusa alimkuta Kiberiti keshafika. Mjomba, kwenye benchi, aliinua macho jukwaani akamwona Mzee wa Daftari kainamia karatasi, anaandika, anatazama, anaandika tena. Moyo ukamjaa. Akajiona ameshapanda ndege kwenda kumtembelea kijana ng'ambo, dada yake kando anamsumbua mhudumu. Akasahau goti. Mtu wa kazi yake, alisahau goti.

Dakika ya sitini na moja winga aligeuka ghafla, Kiberiti naye akageuka, mguu ukabaki majanini. Hakuna aliyemgusa. Wanaoanguka wakipiga kelele huwa wanainuka. Huyu alikaa kimya, ameshika paja kwa mikono miwili, kinywa wazi. Mjomba alijua kabla hajaanza kukimbia.

Kwenye chumba cha matibabu daktari alilivuta lile goti taratibu, likaja lote, halina kizuizi. Kano imekatika. Akalibonyeza upande wa ndani, akamgeukia Mjomba.

"Uvimbe huu haukuanza leo."

"Haukuanza leo."

"Uliandika sawa."

"Niliandika."

Daktari alitoka kwenda kuita gari la wagonjwa, na Mjomba angemshukuru kama angemtukana.

Alipotoka kuchota barafu, alimkuta Mzee wa Daftari amesimama ukumbini, kofia mkononi.

"Wewe ndiye mjomba wake?"

"Ndimi. Umekuja kulifuta jina?"

"Nilikuwa nimepanga tuonane baada ya mechi," mzee alisema kwa upole. "Niliambiwa wewe ndiye mzazi. Goti lake tunalijua. Klabu yake ilitupa picha kabla ya mashindano. Daktari wetu aliona mapumziko tu hayatoshi, na wakubwa wangu walishakubali: tunamsajili, daktari wetu anampasua, anapumzika miezi minne, anarudi mzima."

"Mbona hamkusema?"

"Tukisema, wengine wanasikia, bei inapanda. Kazi hii hufanywa kimyakimya. Leo nilikuja mapema kwa jambo moja tu, kuhakikisha wamemfunga vizuri. Nikaona goti liko wazi. Nikasema, basi limepona, ninyi ndio mnaolishika kila siku." Akaigeuza kofia mkononi. "Kwa nini hukumfunga?"

"Tulikuwa tunakuficha wewe."

Mzee alimtazama, si kwa hasira. Ingekuwa hasira ingevumilika. "Sasa hapa ni mwaka mzima nje, pengine na zaidi," alisema. "Mwaka hawatanikubalia. Kuna wa pili kwenye orodha, itabidi nimpigie. Pole sana, ndugu yangu." Akavaa kofia, akapanda ngazi kurudi jukwaani, kwa kuwa mechi ilikuwa bado.

Mjomba alirudi na barafu. Kiberiti alikuwa amelala chali, macho mekundu, lakini alijaribu kutabasamu.

"Nimemwona mlangoni. Amesema nini?"

Hapo angeweza kudanganya, na alikuwa na mazoezi ya siku nne. Lakini alijiambia kwamba uongo umetosha, kwamba sasa atakuwa mwanamume, na akamweleza kijana yote, tangu picha hadi ile miezi minne, akiwa amesimama wima kama shahidi. Nje uwanja ulilipuka, kuna aliyefunga. Hakuna kati yao aliyeuliza ni nani.

"Kwa nini umeniambia?" Kiberiti aliuliza hatimaye.

"Ulikuwa na haki ya kujua."

"Daktari naye alikuwa na haki ya kujua."

"Wewe mwenyewe uliniomba, mwanangu."

"Nilikuomba, ndiyo. Mimi ningeomba hata kisu. Wewe ndiye mkubwa." Akajiinua kwa kiwiko. "Siku nne umeweza kumficha daktari, Mjomba. Hili la leo ndilo lililokushinda kunificha?"

Barafu ilikuwa imeteleza pembeni ya goti, Mjomba akanyoosha mkono kuirudisha. Kiberiti akauondoa mguu asiuguse, ingawa kuuondoa kulimtoa yowe lililosikika hadi ukumbini.